Windows mpya nyumbani: mwenye mashini ndiye aamue, na aweke nakala kwanza

Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 2025, wakaaji wengi wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia na Lubumbashi wenye kompyuta nyumbani wanakutana na ujumbe mmoja kwenye kioo: Windows 10 imefika mwisho, ni wakati wa kwenda kwenye Windows 11. Wengine wanabonyeza "ndiyo" papo hapo. Wengine wanafunga ujumbe huo kila asubuhi na kuendelea na kazi. Wengine tena wanabeba mashini hadi kwa fundi, na kurudi nyumbani na Windows mpya, lakini pasipo picha za harusi, pasipo TFC ya mtoto aliye chuo kikuu, pasipo hesabu za duka za miaka mitatu.

Watu wanauliza: tubadilishe ao tusibadilishe? Kuna swali linalopaswa kutangulia hilo. Nani anaamua? Mara nyingi mwenye mashini si yeye anayeamua. Kampuni iliyo Marekani inaamua kwa niaba yake, ao fundi mwenye haraka anaamua, ao yule anayeuza "Windows imekwisha kufunguliwa" kwenye kle USB. Mwenye mashini anabaki kulipa mega, kulipa fundi, na kulilia vitu vyake vilivyopotea. Hali hiyo inapaswa kubadilika, na inaweza kubadilika pasipo pesa nyingi.

Kitu gani kimekwisha?

Kwanza tuondoe hofu. Kompyuta yenye Windows 10 haikufa tarehe 14 mwezi wa kumi. Inawaka, inaandika barua, inacheza muziki, inachapisha karatasi kama kawaida. Kilichokwisha ni msaada wa bure. Kampuni ya Microsoft, iliyoitoa Windows 10 tarehe 29 mwezi wa saba mwaka 2015, imeacha kutuma marekebisho ya bure kwa kila mtu. Marekebisho hayo ndiyo yanayoziba matundu ambamo wezi wa intaneti wanapitia.

Si mara ya kwanza. Windows XP iliachwa mwezi wa ine mwaka 2014. Windows 7 iliachwa mwezi wa kwanza mwaka 2020. Katika sekretariati nyingi za mijini mwetu, zile ofisi ndogo za kuchapa na kufotokopia karatasi, mashini hizo ziliendelea kufanya kazi miaka mingi baadaye. Ndiyo maana watu wanasema: "Tulisikia hayo zamani, na hakuna kilichotokea."

Lakini kuna kilichotokea. Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka 2017, programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilienea katika inchi karibu 150 kwa siku chache tu. Ilifunga mafaili ya watu na kuwadai dola 300 ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa miezi miwili mbele, mwezi wa tatu. Walioumia ni wale ambao mashini zao hazikuipokea dawa hiyo, kwa sababu mtu aliahirisha ao kwa sababu sisteme ilikuwa imepitwa. Kwa hiyo anayesema kwamba mwisho wa msaada ni makelele ya biashara tu, anasema nusu ya ukweli.

Mashini za hapa na masharti ya kule

Nusu nyingine ya ukweli ni hii: Windows 11, iliyotoka tarehe 5 mwezi wa kumi mwaka 2021, haikutengenezwa kwa kufikiria mashini zilizo nyingi nyumbani kwetu. Inadai RAM ya giga 4 kwenda juu, nafasi ya giga 64 kwenye diski, na kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Tena inadai prosesa ya miaka ya karibu. Kwa upande wa Intel, ni kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017.

Kompyuta nyingi za nyumbani hapa zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, Ulaya ao Dubai, zikaja na mizigo ya wafanyabiashara. Ni mashini nzuri, ngumu, zilizotoka katika maofisi. Lakini nyingi ni za mbele ya mwaka 2017. Mwenye mashini anaweza kujua hali yake pasipo kulipa mtu yeyote. Kama prosesa inaandikwa i5-6300U, ile namba 6 baada ya kistari inamaanisha kizazi cha 6: Microsoft haiikubali kwa Windows 11. Kama ni i5-8250U, ni kizazi cha 8: inakubaliwa. Kwa TPM, anaandika tpm.msc katika sehemu ya kutafuta na kusoma jibu. Mara nyingine kipande hicho kipo, ila kimezimwa katika BIOS, na kukiwasha ni kazi ya dakika chache. Mtu akiambiwa "mashini yako ni ya zamani, nunua nyingine" pasipo kuonyeshwa mambo hayo, ana haki ya kushuku.

Halafu kuna mega. Faili nzima ya Windows 11 inapita giga 5. Katika inchi ambamo familia nyingi hununua mega kwa siku ao kwa juma, kupitia simu, kazi hiyo peke yake inaweza kumeza mega za nyumba nzima. Kompyuta inayopata intaneti kupitia simu ya mama inaona Wi-Fi tu, na inavuta kana kwamba mega hazina mwisho. Wengi wamepoteza mega usiku mmoja hivyo, pasipo kujua nani amezila. Dawa ipo, na ni ndogo: katika Paramètres, kwenye mtandao huo, kuwasha "connexion limitée". Hapo Windows inapunguza sana kujivutia mambo makubwa yenyewe.

Na kuna umeme. Kubadilisha sisteme kunaweza kuchukua saa moja, mbili, hata zaidi kwenye mashini yenye diski ya zamani. Umeme ukikatika katikati, na betri ya mashini ikiwa imekufa, mtu anaweza kubaki na kioo cheusi. Anayeandika masharti kule Redmond hafikirii mtaa ambamo umeme unakuja saa ine za usiku na kuondoka saa kumi. Mwenye mashini anapaswa kulifikiria mwenyewe.

Kampuni inapoamua peke yake

Mambo haya si malalamiko ya Wakongo peke yao. Mwaka 2016, wakati Microsoft ilikuwa inasukuma watu waende Windows 10 bure, mwanamke mmoja wa California mwenye kazi ya kupanga safari alishitaki kampuni hiyo. Alisema kompyuta yake ya kazi ilijaribu kubadilika pasipo ruhusa yake, ikaharibika, na biashara yake ikakwama. Alipewa dola 10,000, na kampuni ikaacha kukata rufaa.

Mwaka huohuo, habari nyingine ilitoka karibu nasi zaidi, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Watu wa mradi wa Chinko, wanaolinda wanyama katika pori la mashariki mwa inchi hiyo, walieleza kwamba kompyuta zao zilianza kuvuta Windows 10 zenyewe, karibu giga 6, kupitia intaneti ya satelaiti inayolipwa kwa bei kali. Intaneti hiyohiyo ndiyo walinzi waliitegemea kwa kazi yao. Kwa aliyekaa ofisini Marekani, giga 6 si kitu. Kwa mlinzi aliye porini anayepambana na majangili wenye silaha, ni jambo la maisha.

Mwezi wa kumi mwaka 2018 tena, mabadiliko makubwa ya Windows 10 yalifuta mafaili ya watumiaji kadhaa katika folda zao. Microsoft ilisimamisha kazi hiyo siku chache baadaye. Aliyekuwa na nakala pembeni alikasirika kwa muda, akarudisha vitu vyake. Asiyekuwa nayo alipata funzo kwa bei kubwa.

Visa hivi vitatu havionyeshi kwamba kubadilisha ni kubaya. Vinaonyesha kwamba hata kampuni kubwa inakosea, na ikikosea, haiko hapo jirani ili mtu aipigie hodi.

Fundi anapoamua peke yake

Fundi yuko jirani. Tena mafundi wa miji yetu wamesaidia watu wengi sana, kwa pesa kidogo, na vifaa vya kuokotaokota. Lakini kuna desturi moja inayopaswa kuachwa: kuformate kwanza, kuuliza baadaye. Mtu analeta mashini kwa sababu inachelewa. Anairudia jioni. Anaambiwa: "Nimekuwekea Windows mpya." Anauliza picha ziko wapi. Fundi anajibu: "Hukusema."

Jibu hilo halifai. Mama mwenye duka hajui kwamba kuformate ni kufuta. Mwalimu aliyestaafu hajui kwamba folda iliyo kwenye Bureau inaondoka pamoja na sisteme. Anayejua ndiye anayepaswa kuuliza. Kwa nini mafundi wasiwe na daftari yenye maswali matatu, mteja akaweka sahihi: una vitu gani ndani, umeviweka nakala wapi, unakubali vifutwe? Karatasi hiyo ingemlinda fundi pia. Kongo ina sheria ya mambo ya digitali, Code du numérique, tangu tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, na sheria hiyo inazungumzia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Vitu vilivyo ndani ya kompyuta ya mteja ni vyake. Fundi hana ruhusa ya kuvifuta, kuvitazama wala kuvibakiza kwenye diski yake.

Jambo la pili ni zile Windows zilizofunguliwa kwa njia za wizi. Anayeziuza anasema zote ni sawa. Si sawa. Programu ya kuvunja kufuli inamwomba mtu azime kwanza antivirusi, na baada ya hapo hakuna ajuaye kitu gani kingine kimeingia. Mtu anakimbia Windows 10 kwa kuogopa wezi wa intaneti, kisha anamfungulia mwizi mlango kwa mkono wake. Pasipo sababu, tena: kompyuta iliyokuja na Windows 10 ya haki, na inayotimiza masharti, inapewa Windows 11 bure. Faili yake iko kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe.

Wale waliofaulu wanasema nini

Wengi wanaobadilisha kwenye mashini inayofaa hawapati shida kubwa. Mafaili yanabaki mahali pake, programu zinabaki, tofauti inayoonekana kwanza ni vile vitufe vya chini vilivyosogea katikati ya kioo. Baada ya siku mbili mtu amezoea.

Lakini kuna vikwazo vinavyorudiarudia. Chapishi ya zamani inakataa kufanya kazi kwa sababu mtengenezaji hakuandika programu yake kwa Windows 11. Mwenye sekretariati anapaswa kuchunguza hilo kabla, maana chapishi ndiyo inayomlisha. Mashini yenye RAM ya giga 4 inakubaliwa kwenye karatasi, lakini inatembea kama lori lililojaa kwenye mlima. Anayeweka Windows 11 Home upya anaombwa intaneti na akonti ya Microsoft, hata kama alitaka tu kuandika barua.

Kikwazo kibaya zaidi hakijulikani sana. Windows 11 ikiwekwa upya na akonti hiyo, mashini nyingi zinafunga diski nzima kwa kufuli ya siri. Siku moja, baada ya mabadiliko ao baada ya fundi kugusa BIOS, mashini inaomba funguo yenye tarakimu 48. Funguo hiyo inahifadhiwa katika akonti ya Microsoft ya aliyeanzisha mashini. Kama akonti ilifunguliwa na fundi kwa jina lake, na neno la siri likasahauliwa, vitu vyote vya ndani vimekwenda. Kwa hiyo akonti iwe ya mwenye mashini mwenyewe, na zile tarakimu 48 ziandikwe kwenye karatasi iwekwe pamoja na vyeti vya nyumba.

Asiyefurahia Windows 11 baada ya kupanda kutoka Windows 10 ana siku 10 za kurudi nyuma, katika Paramètres, sehemu ya Récupération. Baada ya siku hizo, Windows inafuta ile ya zamani.

Njia ziko zaidi ya moja

Mwenye mashini inayofaa, na mwenye nakala, apande. Hakuna sababu ya kubaki nyuma.

Mwenye mashini isiyofaa bado ana nafasi. Microsoft inaongeza marekebisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 mwezi wa kumi mwaka 2026 kwa wanaojiandikisha. Inalipwa dola 30, lakini kuna njia ya bure: kuingia na akonti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya mashini ihifadhiwe kwao. Kwa mkaaji wa mji ambamo mabenki yalifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, hiyo njia ya bure ndiyo inayofaa. Wengi hawaijui kwa sababu ujumbe wa kwenye kioo unapiga kelele juu ya Windows 11 zaidi kuliko juu ya njia hii.

Njia ya tatu ni kuacha Windows. Linux Mint ni sisteme ya bure kabisa, na ya haki. Faili yake ni karibu giga 3, inaridhika na RAM ya giga 2 ijapokuwa 4 ni bora, na inakuja na LibreOffice ya kuandika na kupiga hesabu. Inazungumza Kifaransa na inajua klavie ya AZERTY. Kizuri zaidi ni kwamba inaweza kujaribiwa kutoka kwenye kle USB, pasipo kugusa kitu chochote ndani ya diski. Haifai kwa kila mtu: anayetegemea programu ya hesabu ya ofisi inayotaka Windows tu atakwama. Lakini kwa nyumba inayoandika, kusoma, kutazama filamu na kufungua intaneti, inatosha.

Na yule ambaye kompyuta yake haiingii kwenye intaneti kamwe, inayochapa tu mahubiri ao maswali ya mtihani, anaweza kubaki alivyo. Hatari yake ni kle USB za wageni zinazoingia na virusi. Azichunguze hizo kwanza.

Njia yoyote kati ya hizo, hatua ya kwanza ni ileile: nakala. Diski ya nje, ao kle USB ya giga 64, ao hata kompyuta ya ndugu. Vitu vinakiliwa, kisha vinafunguliwa pale vilipowekwa ili kuhakikisha vinasomeka. Mashini inaunganishwa na umeme ulio imara, betri ikiwa imejaa. Kazi inaanza asubuhi siku isiyo na haraka, kamwe si usiku wa kuamkia kutoa TFC.

Giga 5 mara moja, kwa mtaa mzima

Kuna jambo ambalo halihitaji kampuni wala serkali. Faili ya Windows 11 inayovutwa mara moja kutoka kwenye tovuti ya haki inaweza kutumika kwenye mashini ishirini, kila mashini kwa leseni yake mwenyewe. Faili ya Linux Mint vilevile. Hakuna haja ya nyumba ishirini za mtaa mmoja kila moja kununua giga 5. Shule yenye chumba cha informatiki, parokia yenye intaneti, chuo kikuu, radio ya mtaa, wote wanaweza kuvuta mara moja, kuweka kwenye kle USB, na kutangaza siku ya Jumamosi moja: leteni mashini, leteni diski ya nakala, tufanye pamoja. Wanafunzi wa informatiki wangejifunza kazi, mafundi wangepata wateja wanaowaamini, na mama mwenye duka angeona kwa macho yake hesabu zake zinahifadhiwa kabla ya kitu kingine kuguswa.

Kuna sababu nyingine ya kutotupa mashini hizi haraka. Kobalti iliyo katika betri za laptop nyingi inatoka sana katika Lualaba na Haut-Katanga. Coltan ya Rubaya, kule Masisi, inatoa tantali inayoingia katika vipande vidogo vya umeme ndani ya mashini. Watu wamechimba madini hayo kwa mikono, na wengine wamekufa humo. Ni aibu kwamba mashini inayofanya kazi vizuri iitwe takataka kwa sababu prosesa yake ni ya kizazi cha 6 ao cha 7, na kwamba Mkongo aambiwe anunue upya kitu kilichotoka katika udongo wake. Kampuni yenye utajiri kama Microsoft ingeweza kuongeza miaka ya marekebisho kwa wote, pasipo dola 30 na pasipo kulazimisha akonti. Kwa wakaaji wa Ulaya iliregeza masharti baada ya mashirika ya watumiaji kusema kwa sauti. Mashirika ya raia ya hapa pia yana midomo.

Tarehe 13 mwezi wa kumi mwaka 2026 haiko mbali. Wakuu wa shule, viongozi wa parokia, mafundi na radio za mitaa wanaweza kuanza kupanga Jumamosi hiyo sasa, mbele watu hawajaanza tena kukimbia na mashini begani wakati ujumbe wa mwisho utakapotokea kwenye kioo.